Kiwanda kikifungwa, kiinua mgongo usikimwage chote dukani

Nilimaliza kidato cha nne nikaingia kiwandani, nikakaa miaka 6. Asubuhi moja tukakuta geti limefungwa, tangazo ukutani.

Ndugu yangu, kwanza jua chako. Hapa Tanzania sheria ya ajira ya 2004 inasema kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza, mwisho miaka 10. Mimi nikapata siku 42. Likizo ambayo hujaenda inalipwa mbali, usikubali wakuchanganyie.

Sasa siku 42 si hata mwezi na nusu, lakini mimi niliona utajiri! Wiki ileile nikajaza duka: unga, sukari, mafuta, mpaka katoni za juisi. Kodi ya nyumba sikuacha hata mia, ikabidi tule humohumo dukani. Na wateja wangu ni nani? Wenzangu tulioachishwa pamoja. Kila mtu "niandikie". Miezi mitatu, rafu nyeupe.

Nilipopokea mchezo nikaanza tena. Safari hii nikatoa kwanza kodi na chakula cha miezi 3, mama akanitunzia. Kilichobaki nikachukua unga na sabuni tu, nikahamia karibu na stendi wanakopita watu wenye hela ya siku.

Lile daftari bado ninalo. Wamelipa wawili.