Paka na Mwenye Mzio Chini ya Paa Moja



Kwetu pwani paka ni wa uani. Akipenda huingia sebuleni, akichoka hulala barazani, na madirisha ya nyumba yako wazi mchana kutwa. Stockholm mambo ni mengine. Miezi mingi ya mwaka madirisha yamefungwa, hewa ni ile ile, na paka wa ghorofani anaishi na watu ndani ya vyumba viwili vitatu. Ndiyo maana mtu aliyekulia na paka Unguja au Mombasa bila shida anaweza kuanza kupiga chafya akiwa hapa.

Tatizo si manyoya

Wengi hudhani manyoya ndiyo yanayoleta mzio, au aleji kama wengine wanavyosema. Kinachosumbua hasa ni protini, na ile kuu wataalamu wameiita Fel d 1. Hutoka kwenye mate ya paka na kwenye tezi za ngozi yake. Paka anapojiramba, huipaka mwili mzima. Ikikauka hupeperuka katika chembe ndogo sana zinazoweza kukaa hewani kwa saa kadhaa, kisha hunata kwenye zulia, mapazia, kochi, matandiko na nguo.

Mwili wa mwenye mzio huziona chembe hizo kama adui. Macho huwasha, pua hutoa makamasi, chafya hazikomi, na wengine hutokwa na vipele. Kwa mwenye pumu, kifua hubana na pumzi hutoka kwa mluzi.

Kwa hiyo kumnyoa paka si dawa. Wala hakuna aina ya paka iliyothibitishwa kuwa haileti mzio kabisa, hata wale wasio na manyoya.

Kwanza mpime

Msimlaumu paka kabla ya kupima. Mtoto anayekohoa mwezi wa Mei huenda anasumbuliwa na chavua ya mti wa björk, na anayekohoa Januari huenda ana mafua tu. Pigeni simu 1177 kwa ushauri, au mwende vårdcentral ya mtaani kwenu. Kipimo ni cha damu, au cha ngozi, ambapo mkono huchomwa kidogo juu ya tone la dawa. Dawa anazoandikiwa mtoto aliye chini ya miaka 18, zikiwa ndani ya mpango wa ruzuku ya dawa, hazilipiwi.

Mkiamua kubaki na paka

Kama dalili ni ndogo, mambo haya husaidia:

1. Chumba anacholala mwenye mzio, paka haingii kabisa, mchana wala usiku. Hapo ndipo mtu anapovuta hewa ya chumba kimoja kwa muda mrefu zaidi.
2. Ondoeni mazulia na mapazia mazito. Pigeni deki na mfute vumbi kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu ufagio mkavu hurusha vumbi hewani. Mashine ya kufyonza vumbi iwe na kichujio cha HEPA.
3. Fungueni madirisha dakika chache mara kadhaa kwa siku, hata wakati wa baridi.
4. Matandiko yafuliwe kwa nyuzi 60.
5. Asiye na mzio ndiye amchane paka na kusafisha sanduku lake la mchanga.
6. Mkimshika paka, naweni mikono kabla ya kugusa macho.

Kumwogesha paka hupunguza chembe kwa siku chache tu, kisha hurudi kama kawaida. Dawa za antihistamini na za kupuliza puani hutuliza dalili. Ipo pia tiba ya kuuzoesha mwili kwa sindano, ambayo huchukua takriban miaka mitatu au zaidi, na ni daktari anayeamua nani anaifaa.

Yote haya hupunguza tatizo, hayaliondoi. Mtoto mwenye pumu inayochochewa na paka hapaswi kuishi naye. Mtu akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au ngozi ya katikati ya mbavu ikiwa inaingia ndani anapovuta hewa, pigeni 112 mara moja.

Mtoto anayeficha kikohozi

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mtoto anayempenda paka wake anajua kuwa akilalamika, paka ataondoka. Basi hukohoa chini ya blanketi na kusema yuko salama. Msimwambie, "Ukiugua tena, tunamtoa." Mwambieni kuwa ugonjwa si kosa lake wala la paka, na kwamba watu wazima ndio wataamua. Muulizeni usiku analalaje, na kama anachoka akikimbia.

Ikibidi paka ahame

Mtafutieni ndugu, rafiki au shirika la kutunza paka. Kumtelekeza mnyama ni kosa kwa sheria ya Uswidi. Tangu Januari 1, 2023 kila paka lazima awe na alama ya utambulisho na asajiliwe Jordbruksverket, hivyo mmiliki mpya naye lazima asajiliwe. Acheni watoto wamuage vizuri. Na msitarajie nafuu wiki ile ile: chembe hubaki nyumbani kwa miezi hata baada ya usafi mkubwa. Bibi mwenye pumu akitarajiwa kiangazi, msianze kupiga deki siku ya safari yake.

Darasani kwetu

Chembe za paka husafiri kwa sweta. Mwaka 2001 watafiti wa Karolinska Institutet walichapisha utafiti kuhusu watoto wa shule wenye pumu na mzio wa paka, ambao nyumbani kwao hakuna paka. Shule zilipofunguliwa, waliokuwa katika madarasa yenye wenzao wengi wanaofuga paka walizidiwa.

Hatumwambii yeyote asifuge paka. Tunaomba tu: siku ya darasa mtoto avae nguo safi ambayo haijalaliwa na paka, na koti libaki kwenye korido. Mwenye mtoto wa pumu amweleze mwalimu, na dawa yake ya kuvuta iwe kwenye mkoba kila mara.

Msamiati wa wiki (mwulizane nyumbani)

mzio – allergi
pumu – astma
kupiga chafya – nysa
mate – saliv
manyoya – päls
kujiramba – slicka sig