Kukwea minazi

Kukwea minazi (pia: ukwezi) ni kazi ya kupanda mnazi kwa mikono na miguu ili kuangua nazi au madafu, kukata makuti makavu na kusafisha kichwa cha mti. Anayeifanya huitwa mkwezi. Mgema naye hupanda mnazi, lakini kwa ajili ya kugema tembo, na aghalabu hupanda asubuhi na jioni. Mara nyingine mtu mmoja hufanya kazi zote mbili.

Ukwezi unajulikana katika pwani yote ya Afrika Mashariki na visiwa vyake. Dar es Salaam bado upo pembezoni mwa jiji, kama vile Bunju na Mbweni upande wa Kinondoni, Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, na Kigamboni. Huko mashamba mengi ya zamani yamekatwa viwanja, na minazi iliyobaki imesimama juu ya mapaa ya bati na nyaya za umeme.

Namna ya kukwea

Mnazi mrefu wa Afrika Mashariki hufikia mita 20 hadi 25 na hauna hata tawi moja la kushika. Njia ya kwanza ya kuupanda ni kuukata vidato, yaani ngazi ndogo zinazochongwa kwa panga kwenye shina. (Neno hilohilo ndilo linalotumika kwa madarasa ya sekondari, na si wanafunzi wengi wanaojua kwamba wanapanda mnazi.) Vidato humsaidia mkwezi lakini huudhuru mti. Shina la mnazi haliwezi kuziba jeraha kwa kuotesha gamba jipya kama mwembe unavyofanya. Kidato hubaki wazi maisha yote, hutuamisha maji na kukaribisha wadudu na uozo.

Njia ya pili ni kitanzi cha kamba au cha kitambaa kigumu kinachounganisha nyayo mbili. Mkwezi hukumbatia shina, huinua miguu yote miwili kwa pamoja, kisha huibana na kusimama. Anavyozidi kukanyaga ndivyo kitanzi kinavyozidi kukaza nyayo kwenye shina, na msuguano ndio unaobeba uzito wake. Kwa hiyo shina lililolowa, au lenye ukungu wa kijani wakati wa masika, halifai kukwewa. Mwenye mti anayemharakisha mkwezi mvua ikiwa imekatika sasa hivi anamtaka afanye jambo ambalo yeye mwenyewe asingelijaribu.

Sehemu ngumu zaidi ni kichwani, pale anapoachia shina na kupenya kati ya makuti. Hapo hushika makuti mabichi tu, tena karibu na shina. Kuti kavu huonekana zima lakini hung'oka kwa mkono mmoja; ndiyo maana husemwa kwamba kiongozi au kocha anayekaribia kufukuzwa amekalia kuti kavu. Huko juu pia huishi maji moto, sisimizi wekundu wanaouma vikali. Wakwezi huwachukia, ingawa ni walinzi wa mnazi: huwafukuza kunguni wanaofyonza vidaka na kuvifanya vipukutike.

Ajali

Mtu akianguka kutoka mita 20 hufika chini kwa sekunde 2 hivi, akiwa na mwendo wa karibu kilomita 70 kwa saa. Anayenusurika huweza kuvunjika uti wa mgongo na kupooza miguu. Aliyeanguka asiinuliwe kwa kushikwa mikono na miguu, wala asikalishwe kwenye bodaboda. Alazwe juu ya ubao au mlango, shingo na mgongo vikiwa vimenyooka, ndipo apelekwe hospitali. Mkwezi wa mtaani hulipwa kwa mti au kwa sehemu ya nazi alizoangua. Hana mwajiri, hivyo akiumia gharama huwa za familia yake.

Kamba

Katika mchezo wa kukwea miamba, ulioingia katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, njia ya ugumu wa wastani huwa na urefu uleule wa mnazi, au zaidi kidogo. Anayetangulia hufungwa kamba kiunoni na kuipitisha katika pete za chuma zilizokazwa mwambani kila baada ya mita chache, huku mwenzake aliye chini akiidhibiti. Akiteleza akiwa mita 2 juu ya pete ya mwisho, huanguka mita 4 na kidogo zaidi, kwa sababu kamba hunyumbuka, kisha huning'inia. Katika Afrika Mashariki, miamba inayokwewa kwa kamba iko zaidi Kenya, kama vile Lukenya na Hell's Gate karibu na Naivasha.

Mnazi hauna pete. Kinachowezekana ni mkanda unaozunguka kiuno na shina, ambao mkwezi huusogeza juu anavyopanda na kuufunga upya kichwani kabla hajatoa panga. Huchelewesha kazi, na kwa anayelipwa kwa mti hilo ni hasara. Mwenye shamba anayeutaka utumike hana budi kuongeza malipo. Nchini India, Bodi ya Maendeleo ya Nazi ilianza mwaka 2011 kufundisha vijana, wakiwemo wanawake, kukwea kwa kifaa cha chuma kinachobana shina na kukanyagwa kwa zamu.

Kwenye viwanja vya nyumba, mnazi mfupi uitwao kitamli huondoa sehemu kubwa ya tatizo, kwani kwa miaka mingi huanguliwa mtu akiwa amesimama chini. Dafu lake ni tamu, ila nazi zake ni ndogo, na wanaotaka tui zito bado humwita mkwezi.