Pasheni ya Njano Inayochanua Bila Kuzaa: Elimu ya Mbegu na Uchavushaji kwa Bustani za Katavi

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

Mwananchi mwenye mmea mmoja wa pasheni ya njano uani, unaochanua sana bila kushika tunda, asiharakishe kuukata wala kuunyunyizia dawa. Mara nyingi mmea huo hauna ugonjwa wowote, umekosa mwenza. Ua la pasheni ya njano lina sehemu ya kiume na ya kike, lakini halitungi tunda kwa chavua yake lenyewe, wala kwa chavua ya mmea uliooteshwa kutokana na kipande cha shina lake. Pasheni ya zambarau haina sharti hilo.

Kwa sababu hiyo, familia inayoanza bustani inashauriwa kuotesha mbegu. Kila mche wa mbegu hutofautiana na wenzake, hivyo miche mitatu au minne kutoka matunda ya mimea tofauti huweza kuchavushana. Aidha, virusi vinavyokakamaza ganda la tunda huenezwa na vidukari, visu na vipandikizi, lakini havijulikani kuenea kwa njia ya mbegu.

Chagua tunda lililoiva na kuanguka lenyewe. Osha mbegu hadi utelezi uishe, zianike kivulini, kisha zipande mapema, kwani mbegu iliyokaa muda mrefu huota kwa kusuasua. Mbegu mpya huota ndani ya wiki mbili hadi nne. Kwa kuwa Katavi ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, kitalu cha Septemba hutoa miche ya kuhamishia bustanini Desemba, mvua zikiwa zimetulia.

Mji wa Mpanda upo zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Pasheni ya zambarau hupendelea ubaridi wa nyanda za juu, na ya njano hustawi katika joto la nyanda za chini. Mpanda ipo katikati. Zambarau husifiwa kwa harufu na utamu, lakini hushambuliwa na mnyauko unaotokana na kuvu wa udongoni, ambao ya njano huustahimili zaidi. Nchini Australia, machotara wa aina hizi mbili hulimwa kibiashara. Mkulima mwenye subira anaweza kujaribu uzalishaji huo nyumbani.

Zambarau ndiyo iwe mama, kwa kuwa ua la njano halipokei vizuri chavua ya zambarau. Jioni, funika kwa mfuko wa karatasi chipukizi la ua la zambarau linalokaribia kufunguka. Alfajiri, kabla chavua haijamwagika, ondoa vifuko vyake vitano vya chavua. Ugumu uko kwenye saa: ua la zambarau hufunguka asubuhi na kufunga kabla ya adhuhuri, wakati la njano hufunguka karibu na adhuhuri. Hivyo tafuta mmea wa njano unaowahi kuchanua, pakaza chavua yake kwenye vichwa vitatu vya sehemu ya kike, rudisha mfuko, kisha funga uzi wa alama. Tunda huiva baada ya miezi miwili au zaidi kidogo. Miche yake haitafanana yote. Bakiza ile tu ambayo matunda yake umeyaonja.

Kwa uchavushaji wa kawaida, mchavushaji mkuu ni nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao. Nyuki wa asali, ambaye Katavi inamfahamu vyema, ni mdogo mno kwa ua hili: hubeba chavua bila kugusa sehemu ya kike ipasavyo. Magogo makavu pembezoni mwa bustani yasichomwe yote, maana ndiyo makazi ya nyuki huyo mweusi.

Kujaribu chotara kwa matumizi ya nyumbani ni jambo moja, kuuza mbegu zake ni jingine. Biashara ya mbegu inasimamiwa na Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, chini ya Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu (TOSCI). Anayeona mche wake unafaa kusambazwa aanzie kwa afisa ugani wa kata, akiwa na matunda yenyewe na kumbukumbu za tarehe za kupanda, kuchavusha na kuvuna.