Mlezi wa watoto, bima pekee haitoshi

Wewe unayepokea watoto wa wenzako wazazi wanapokwenda kazini, umebeba jukumu zito. Mtoto akiunguzwa na uji au akinywa mafuta ya taa akiwa mikononi mwako, mzazi anaweza kukushtaki akidai fidia.

Bima ya dhima hulipa fidia hiyo pamoja na gharama za wakili, hadi kiasi kilichoandikwa katika mkataba. Lakini usome mkataba huo. Ukijaza watoto 10 katika fomu nawe unalea 25, kampuni yaweza kukataa kulipa. Aidha, kwa kawaida bima haigharamii madhara ya mtoto aliyepigwa makusudi.

Hata hivyo, hakuna fidia inayorudisha uhai. Kinga ni bora kuliko tiba. Mtoto mchanga alazwe chali. Ndoo isiachwe na maji, kwani hata maji ya sentimita chache huweza kumzamisha anayetambaa. Jiko liwe nyuma ya kizuizi. Mafuta ya taa yasitiwe katika chupa ya soda.

Ajali ikitokea, aliyeungua amwagiwe maji ya mfereji kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno wala siagi. Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, maana yanaweza kuingia mapafuni, mkimbize hospitalini.

Kisha andika daftarini saa, kilichotokea na ulichofanya, na umjulishe mzazi na kampuni ya bima bila kuchelewa. Daftari hilo litakuwa shahidi wako mahakamani.

Nawe mzazi, uliza haya yote kabla ya kumwacha mwanao.