Damu kwenye fizi si sababu ya kuacha mswaki

WATU wengi huona damu kwenye mswaki asubuhi, wakatema, wakasukutua na kuendelea na shughuli zao. Wengine hufikia uamuzi unaoonekana kuwa wa busara: huacha kupitisha mswaki mahali panapotoka damu, ili papumzike na kupona.

Uamuzi huo ndio unaowagharimu meno. Ufizi unaotoa damu kila unapoguswa kwa kawaida ni ufizi uliovimba kutokana na uchafu uliokaa kwenye shina la jino, na mahali hapo ndipo panapohitaji kusafishwa kuliko pengine popote kinywani.

Sehemu ya mkanganyiko huo imo katika jina. Kwa mazoea, fizi zikitoa damu husemwa kuwa ni kiseyeye, na mgonjwa hushauriwa ale machungwa na malimau. Kiseyeye halisi ni ugonjwa wa kukosa vitamini C, na ulikuwa ukiwaua mabaharia waliokaa miezi mingi baharini bila matunda wala mboga.

Mwaka 1747, daktari James Lind wa jeshi la majini la Uingereza aliwagawa mabaharia 12 waliougua kiseyeye katika makundi ya watu wawili wawili, kila kundi na tiba yake. Wawili waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu haraka kuliko wenzao.

Lakini mtu anayekula mchicha, mapera, maembe na machungwa kwa msimu wake si rahisi apatwe na kiseyeye hicho. Kwa wengi, damu ya fizi ina chanzo kingine, na chungwa halikifikii.

Chanzo hicho ni utando laini wa bakteria unaojijenga juu ya meno kila siku, hata kwa mtu aliyekula uji mtupu. Utando huo unanata, hivyo kusukutua kwa maji peke yake hakuuondoi. Ukiachwa, bakteria huuchokoza ufizi, nao hujibu kwa kuvimba, kuwa mwekundu na kutoa damu.

Ushahidi ulipatikana nchini Denmark. Mwaka 1965, Harald Löe na wenzake katika mji wa Aarhus walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha watu 12 wenye fizi nzima, ambao walikubali kuacha kabisa kusafisha meno. Katika muda wa siku 10 hadi 21, wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudi kwenye mswaki, fizi zilipona katika muda wa wiki moja hivi.

Kwa maneno mengine, katika hatua hii ya kwanza ugonjwa unaponyeka kabisa, na dawa yake kuu ni mswaki uleule ambao mgonjwa anauogopa.

Utando usipoondolewa, madini yaliyomo kwenye mate huugeuza kuwa kitu kigumu kama jiwe, yaani ugaga. Ugaga huonekana zaidi nyuma ya meno ya mbele ya chini, na upande wa shavu wa magego ya juu, kwa kuwa mate hutiririkia hapo. Ukishakuwa mgumu, hakuna mswaki unaoubandua. Mtu anayesugua kwa nguvu, au kwa mchanga na unga wa mkaa, hukwangua jino na kuumiza ufizi huku ugaga ukibaki palepale.

Hatua ya pili ndiyo ya hatari. Ufizi huachana na jino na kufanya mfuko ambamo bakteria hujificha. Mfuko wa kawaida una kina cha milimita moja hadi tatu. Ukifika milimita nne na zaidi, daktari huanza kuwa na wasiwasi. Mfupa unaolishika jino huliwa kidogo kidogo, na mfupa uliopotea haurudi wenyewe kama fizi zilivyorudi kwa watu wale wa Aarhus.

Mara nyingi haya yote hutokea bila maumivu. Jino lililotoboka humwamsha mtu usiku, lakini jino linalopoteza mfupa hukaa kimya hadi lianze kucheza, na hapo mara nyingi kinachobaki ni kuling'oa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa watu zaidi ya bilioni moja duniani wana ugonjwa wa fizi katika hali yake kali.

Wavuta sigara wanadanganyika kuliko wote. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, hivyo fizi zao hazitoi damu nyingi ingawa mfupa unaendelea kuliwa. Kwa mgonjwa wa kisukari madhara huenda pande mbili: sukari ikiwa juu fizi huharibika haraka, na fizi zilizooza hufanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa.

Wajawazito nao hupata fizi zinazovimba upesi kwa sababu ya homoni. Wapo wanaoamini kuwa si salama kwenda kwa daktari wa meno wakiwa na mimba, jambo ambalo si kweli. Cha muhimu ni kumweleza daktari hali hiyo mapema. Baadhi ya dawa, kama fenitoini ya kifafa na nifedipini ya shinikizo la damu, huweza kukuza fizi hadi zikafunika meno. Anayezitumia asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe, bali amweleze daktari aliyemwandikia.

Kinga yenyewe haina gharama kubwa. Mswaki uwe laini, ulazwe kwa mshazari ili nyuzi zake ziguse mpaka wa jino na ufizi, kisha uchezeshwe taratibu, jino baada ya jino, kwa dakika mbili, mara mbili kwa siku. Mara ya usiku kabla ya kulala isikosekane, kwa kuwa mtu akilala mate hupungua na bakteria hupata nafasi. Mswaki ambao nyuzi zake zimetawanyika ubadilishwe. Kwa kawaida hudumu miezi mitatu au minne.

Katikati ya meno mswaki haupiti. Hapo hutumika uzi wa meno au vibrashi vidogo vinavyouzwa madukani. Njiti hutoa nyama iliyokwama, lakini ikisukumwa kwa nguvu huchoma ufizi. Maji ya vuguvugu yenye chumvi hutuliza, ila hayang'oi utando.

Wanaotumia mswaki wa mti, ambao katika miji ya pwani huuzwa hata nje ya misikiti, hawana sababu ya kuudharau. Ncha yake itafunwe hadi iwe nyuzi, ipitishwe kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino, na ikatwe inapochakaa. Udhaifu wake ni kwamba upande wa ndani wa meno na magego ya nyuma husahaulika kwa urahisi. Dawa ya meno yenye madini ya floraidi bado inahitajika ili kuzuia meno kutoboka.

Ugaga ukishajijenga, kazi ni ya daktari, ambaye huukwangua kwa vifaa maalumu. Wengi huikwepa huduma hiyo kwa madai kwamba hulegeza meno. Ukweli ni kwamba ugaga mwingi huyashikanisha meno yaliyokwisha kupoteza mfupa na kuijaza mianya iliyo kati yake, hivyo ukiondolewa, ulegevu uliokuwepo huonekana. Baada ya kukwanguliwa, meno huweza kupata ganzi ya maji baridi kwa siku kadhaa. Mgonjwa huendelea kupiga mswaki kama kawaida, na baada ya wiki kadhaa hurudi ili daktari apime tena kina cha mifuko.