Mwenye Shehena ni Nani?

Mkazi wa Ulemo, wilayani Iramba katika Mkoa wa Singida, aweza kudhani kwamba heroini ni msiba wa watu wa pwani. Ndugu yake wa visiwani naye aweza kudhani kwamba bahari ikilindwa, kazi imekwisha. Kwa maoni yetu, wote wawili hawana budi kufikiri upya.

Heroini itokanayo na afyuni ya Afghanistan imekuwa ikipakiwa majahazini katika pwani ya Makran, nchini Iran na Pakistan, na kuletwa Afrika Mashariki. Mwezi Aprili 2014, manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 ndani ya jahazi karibu na pwani ya Kenya, zikiwa zimefichwa kati ya mifuko ya saruji. Shehena hiyo iliteketezwa baharini. Huo ulikuwa ushindi, lakini ushindi wa nusu. Katika doria za namna hiyo kwenye bahari kuu, mabaharia kwa kawaida huachwa waende zao, na mwenye mali habughudhiwi.

Tena, kinachopenya hakikai pwani. Mwezi Desemba 2023, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa. Iringa haina bandari. Iramba nayo haina, lakini barabara kuu iendayo Mwanza na Rwanda hupita humo. Kwa hiyo ukaguzi wa barabarani ni sehemu ya ulinzi wa bahari.

Sheria zipo. Bara ina ya mwaka 2015, Zanzibar ina ya mwaka 2021, na kila upande una mamlaka yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988 nao huzitaka nchi zisaidiane kwa ushahidi na kwa kukabidhiana watuhumiwa. Ushirikiano wa aina hiyo ndio uliowafikisha ndugu wawili wa ukoo wa Akasha, wa Mombasa, nchini Marekani mwezi Januari 2017. Mmoja akafungwa miaka 25, mwingine 23.

Basi twawasihi viongozi wa pande zote mbili za Muungano wapeane majina na ushahidi bila kusubiriana, na mafanikio yao yasipimwe kwa mizani ya kilo peke yake. Jahazi likikamatwa, mwenye shehena hukodi jingine.