Tulihesabu Ada, Tukasahau Kuhesabu Saa za Mtoto

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, taa za magari ya shule hutangulia mwanga wa alfajiri. Honi hulia mlangoni, mama akatoka na begi mkononi na mtoto begani, mtoto mwenyewe bado amelala. Matroni humpokea, akamweka kitini, kichwa kikaegemea dirisha, na gari likaondoka kumfuata mwingine. Wakati huo muadhini bado hajamaliza adhana.

Kwa takriban miaka miwili, mmoja wa watoto hao alikuwa wa kwetu. Tumeona tuyaandike haya sasa, katika msimu ambao wazazi wenzetu wanazunguka jijini kutafuta nafasi za Januari, huenda yakamfaa aliyesimama mahali tulipokuwa tumesimama sisi.

Hesabu tuliyoifanya

Mtoto wetu wa kwanza alipotimiza miaka minne, tulikaa mkekani usiku mmoja, mume na mke, na daftari katikati yetu. Tunaishi Mbagala. Shule tuliyoitamani, ya binafsi na ya mchepuo wa Kiingereza, ilikuwa mbali, ng'ambo ya pili ya katikati ya jiji. Tuliandika ada na mikupuo yake, gari, sare, chakula, madaftari na michango ya mahafali. Mmoja wetu ana duka dogo Kariakoo, mwingine ni mwajiriwa. Tukaona kwamba tukiuelekeza mchezo wetu wote kwa kijumbe kwenye mikupuo ile, na tukiahirisha kuezeka chumba cha nyuma, tutaweza. Tukamshukuru Mwenyezi Mungu, tukampeleka mtoto.

Hatukuwa wazazi wa kujionyesha, au hatukudhani hivyo. Tulichokiogopa ni kile wanachokiogopa wengi. Shule za msingi za Serikali hufundisha kwa Kiswahili, na mtoto akiingia kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza. Tumewaona ndugu zetu wenye akili nzuri wakinyamaza darasani kwa sababu hiyo tu. Tulitaka mtoto wetu asipitie hayo.

Mwanzoni tulifurahi. Alirudi na nyimbo, akahesabu vidole kwa Kiingereza, wageni wakamsifu. Ilitupasa kusikia na yale ambayo hakuwa akiyasema, lakini kila aliporudi alikuwa amechoka mno kusema lolote.

Swali la bibi

Katika mwaka wa pili, Ramadhani, bibi yake alikuja kutoka Kilwa kufunga pamoja nasi. Ni yeye aliyemfundisha mjukuu wake Suratul Fatiha kabla hata ya kuanza shule, akimwimbisha aya baada ya aya huku akisuka ukili. Jioni moja baada ya futari akamwita, akampakata, akamwambia amsomee.

Mtoto alianza vizuri. Alipofika aya ya tatu akasita, akarudia, akasita tena. Kisha, kwa kuwa alitaka kumfurahisha bibi yake, akaimba wimbo wa siku za wiki kwa Kiingereza. Sote tulicheka, isipokuwa bibi. Alimbusu kipajini, akamwacha aende kulala, kisha akatugeukia.

“Wanangu, simlaumu mtoto,” alisema. “Nauliza tu. Nyinyi mnakuwa naye saa ngapi?”

Hatukuwa na jibu. Kesho yake tulikwenda kwa ustadhi wa madrasa ya mtaani, ambako mtoto alikuwa ameandikishwa na kulipiwa kila mwezi. Ustadhi alifungua kitabu chake cha mahudhurio, akatuonyesha mstari wa jina lake. Ulikuwa na alama za Jumamosi chache, na nafasi tupu zilizobaki. “Jina lake nimeliacha, ndugu yangu,” akasema, “nikijua iko siku mtamleta.”

Hesabu tuliyoisahau

Usiku ule tulilifungua tena daftari lile lile. Safari hii hatukuandika shilingi, tuliandika saa.

Tulikuwa tukimwamsha saa kumi na nusu alfajiri. Gari lilifika saa kumi na moja na dakika chache, likazunguka kukusanya watoto, kisha likaingia kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa. Jioni lilimrudisha saa kumi na moja na nusu, siku nyingine karibu na Magharibi. Hayo ni masaa kumi na mawili nje ya nyumba kwa mtoto wa miaka mitano, na sehemu kubwa ya masaa hayo hakuwa darasani, alikuwa kwenye gari. Akishaoga, akala na kufanya kazi ya nyumbani, saa mbili usiku usingizi ulikuwa umemchukua. Ukijumlisha, alilala saa nane na nusu. Wataalamu wa afya ya watoto wanashauri mtoto wa miaka mitatu hadi mitano alale saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Sisi tuliokuwa tukimnunulia maziwa na matunda tulikuwa tukimnyima usingizi kila siku ya shule, na kuulipia unyimaji huo kwa mikupuo.

Saa zilizobaki kwetu, macho kwa macho, hazikutimia tatu, na ndani yake mlikuwa na kuoga, kula na kuhimizana. Saa za mchezo hazikuwapo kabisa. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha Ihyaa amewausia walezi kwamba mtoto akitoka chuoni aruhusiwe kucheza mchezo mwema apumzike, na akaonya kwamba kumzuia mchezo na kumkalifisha masomo daima huua moyo wake, huzima akili yake, na humfundisha kutafuta hila za kuikimbia elimu. Maneno hayo yameandikwa zaidi ya miaka 900 iliyopita, kabla ya magari ya shule na foleni zake. Yalitugusa kana kwamba mwandishi alipita nyumbani kwetu.

Tunajua sote kwamba mzazi ni mchunga na ataulizwa juu ya alichopewa kukichunga. Hadithi ya Mtume (s.a.w.) kuhusu hilo tumeisikia mara nyingi mimbarini. Tunajua pia kwamba katika Surat Luqman mafunzo ya tauhidi, swala na unyenyekevu yanatoka kinywani mwa baba kwenda kwa mwanawe. Mafunzo ya namna hiyo yanahitaji baba na mtoto wawe mahali pamoja, wote wawili wakiwa macho.

Milango iliyopo jijini

Tuliazimia kuanza upya, na tukatembea kuziona shule kwa macho yetu badala ya kusimuliwa.

Mlango wa kwanza ni shule ya Serikali ya jirani. Tangu Januari 2016 shule hizi hazitozi ada, na umri wa darasa la awali ni miaka mitano. Kufutwa kwa ada kuliwafungulia watoto wengi mlango, na madarasa yakafurika. Katika shule tuliyoitembelea tulikuta mwalimu mmoja na watoto zaidi ya 80, wengine wakiandika magotini. Kipindi cha dini kimo kwenye ratiba, lakini hufundishwa tu pale ambapo waumini wenyewe wamejitolea kumpeleka ustadhi. Asipokuwapo, watoto wetu hukaa bure wakati wenzao wanasoma.

Mlango wa pili ni shule chache za Serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio na Diamond. Hizi ziko Upanga, nafasi zake hugombewa, na kwa anayeishi pembezoni mwa jiji safari inabaki ile ile.

Mlango wa tatu ni shule za binafsi, zikiwamo za taasisi za Kiislamu ambazo zimeongezeka na ambazo zina Qur'ani na swala ndani ya ratiba. Tulizitembelea tukiwa na matumaini makubwa, na tuliyoyaona katika baadhi yake yalitupendeza. Hata hivyo, iliyokuwa ndani ya uwezo wetu ilikuwa mbali vilevile, na gari lake lilipita mtaani kwetu saa ile ile. Jina zuri lililoandikwa ukutani haliwezi kumrudishia mtoto usingizi wake.

Wapo waliotushauri bweni. Mlango huo Serikali iliufunga mwaka 2023, ilipopiga marufuku bweni kwa wanafunzi wa awali hadi darasa la nne. Sisi tuliona ni uamuzi wa busara, kwani mtoto wa umri huo bado anahitaji mkono wa mama wakati wa homa ya usiku.

Pwani wamewahi kulifanyia kazi

Katika kutafuta huku tulikumbushwa jambo lililoanzia Mombasa miaka ya 1980. Viongozi wa Kiislamu wa huko waliona watoto wao wakiingia darasa la kwanza nyuma ya wenzao, na hawakutaka kuwaondoa chuoni ili wawahi shule. Waliomba msaada wa Aga Khan, na ukaanzishwa mpango wa madrasa za awali, ambao mwalimu wake wa mwanzo alikuwa Bi Swafiya Said. Kutoka Mombasa ulifika Zanzibar na kisha Uganda. Wanawake wa mtaa husika walifundishwa ualimu, vifaa vya kuchezea vikatengenezwa kwa vitu vilivyopatikana hapo hapo, na mtoto akapata herufi, hesabu na maadili ya dini yake chini ya paa moja, mwendo mfupi kutoka kwao.

Funzo tulilolipata ni kwamba watu wale walilileta darasa karibu na mtoto. Mitaa mingi ya Dar es Salaam ina misikiti yenye vyumba vinavyokaa vitupu asubuhi nzima. Kamati za misikiti na akina mama wenye elimu zina cha kuzungumza hapo. Anayetaka kuanza ajue tu taratibu: darasa la awali husajiliwa na Wizara ya Elimu, na kituo cha kulelea watoto mchana hupitia Ustawi wa Jamii.

Tulichoamua na gharama yake

Mtoto alipofika darasa la kwanza, tulimhamishia shule ya Serikali, dakika kumi na mbili kwa miguu kutoka nyumbani. Haukuwa uamuzi mwepesi. Jirani mmoja alituuliza kwa sauti ya huruma kama biashara imeyumba. Babu yake mtoto alinuna wiki nzima. Sisi wenyewe tulipoliona darasa lililojaa tulirudi nyumbani kimya, kila mmoja akihofu kuwa mwenzake amejuta.

Hatutaficha kasoro. Mwalimu hawezi kuyafikia madaftari yote, hivyo kila jioni mmoja wetu hukaa na mtoto na kuyapitia. Kiingereza chake kilipungua, na tukaanza kumsomea hadithi fupi usiku, ukurasa kwa ukurasa, wakati mwingine na sisi tukijifunza. Sehemu ya fedha iliyokuwa ikienda kwenye gari tunanunulia vitabu, na nyingine tunachangia nauli ya ustadhi wa kipindi cha dini pale shuleni. Mwaka mmoja umepita, na wapo watoto wa rika lake wanaoongea Kiingereza kumzidi. Hilo tunalijua, na tunaendelea kulifanyia kazi.

Tulichokipata ni saa. Analala hadi kunakucha. Anarudi mchana, anakula, anajinyoosha kidogo, anakwenda madrasa, kisha anacheza uani hadi Magharibi. Bibi alipokuja tena, mjukuu alimsomea Fatiha hadi mwisho, na bila kuombwa akaongeza Suratul Asr.

Maswali ya kwenda nayo

Hatusemi kila mzazi afanye kama sisi. Yupo ambaye shule nzuri ya binafsi iko mtaani kwake, na yupo ambaye shule ya Serikali ya jirani kweli haifai. Tunachoomba ni kwamba kabla ya kulipa, mzazi aulize na haya:

Mtoto ataamka saa ngapi, na atakuwa amelala saa ngapi?

Atakaa kwenye gari muda gani, na ndani yake kuna mtu mzima wa kumwangalia mbali na dereva?

Shule imesajiliwa? Vyoo vyake viko hali gani? Nenda ukavione.

Mwalimu wa darasa anamwadhibu vipi mtoto anayekosea? Ibn Khaldun ameeleza katika Muqaddima kuwa ukali kwa wanafunzi, hasa wadogo, huwafundisha uongo na woga. Mwangalie mwalimu usoni anapokujibu.

Atakwenda madrasa siku ngapi kwa wiki, akiwa na nguvu za kujifunza?

Na sisi wazazi, tutakuwa naye saa ngapi?

Swali hili la mwisho ni la bibi, na tunalirudisha kwenu kama alivyotuuliza. Ada ikikosekana muhula huu, huenda ikapatikana muhula ujao. Mtoto wa miaka mitano hatakuwa na miaka mitano tena. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, atujaalie sisi subira ya kukaa nao, na awafanye burudisho la macho yetu hapa duniani na kesho Akhera. Amin.